Jinsi ya kufuatilia na kukagua tokeni zinazotumiwa na mawakala wa AI

Mwenzangu mmoja ana mawakala kadhaa wa AI wanaopokezana kazi: mmoja anapanga, wengine wanatafuta, wa mwisho anaandika ripoti. Bili ilikuwa inapanda na hakuna aliyeweza kusema ni nani kati yao anayezila tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika, na ambavyo ndivyo hutozwa. Nimemsaidia kuweka ukaguzi, na utaratibu wenyewe ndio huu. Nachukulia kwamba unajua kuita API na kuandika Python kidogo.

Hatua ya 1: Weka mlango mmoja

Maombi yote yanayokwenda kwa modeli yapitie sehemu moja, iwe kipande cha msimbo ulichoandika mwenyewe au proksi (programu ya kati inayopokea maombi na kuyapeleka kwa modeli) kama LiteLLM. Kila wakala mpe ufunguo wake wa API, itakufaa kwenye hatua ya 5.

Usimwulize wakala ametumia tokeni ngapi. Modeli haina mita ndani yake, kwa hiyo namba atakayokupa ni ya kubuni. Wala usikadirie kwa kuhesabu herufi na kugawa kwa 4. Kanuni hiyo ilitokana na maandishi ya Kiingereza, na neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi. Namba ya kuaminika ni ile inayorudi pamoja na jibu, kwenye sehemu ya `usage`.

Hatua ya 2: Jedwali

SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, inatosha kabisa. Mstari mmoja kwa kila ombi: muda kwa UTC, namba ya kazi, jina la wakala, wakala aliyemtuma, modeli, kitambulisho cha ombi, halafu safu nne za tokeni: `ingizo_jipya`, `kache_kusoma`, `kache_kuandika`, `pato`. Kache ni sehemu ya ombi ambayo mtoa huduma ameihifadhi ili isichakatwe upya kila mara. Ongeza `hali`, uone kama jibu lilikamilika au lilikatika. Usiweke bei humu. Bei hubadilika, kwa hiyo ziwe na jedwali lao lenye tarehe.

Hatua ya 3: Sawazisha maana ya namba

Hapa ndipo watu wanapopotezea saa nyingi, kwa sababu hakuna kosa linaloonekana. Programu inakwenda, jumla inatoka, na jumla hiyo si kweli.

Chukua ombi lenye tokeni 10,000 za kuingia, ambazo 9,000 kati yake zimesomwa kwenye kache. Responses API ya OpenAI itakuandikia `input_tokens` 10,000, na ndani ya `input_tokens_details` utakuta `cached_tokens` 9,000. Yaani zile 9,000 zimo ndani ya 10,000. Anthropic itakuandikia `input_tokens` 1,000 na `cache_read_input_tokens` 9,000, kila moja kivyake. Jina ni lilelile, `input_tokens`, ila moja linajumuisha kache na jingine haliijumuishi. Ukijumlisha yote kwa mtindo wa Anthropic, ombi la OpenAI litasomeka 19,000. Ukichukua `input_tokens` peke yake, ombi la Anthropic litasomeka 1,000, na wakala mlafi kuliko wote ataonekana mnyenyekevu.

Kwa hiyo andika kigeuzi kwa kila mtoa huduma:

OpenAI: `ingizo_jipya = input_tokens - cached_tokens`
Anthropic: `ingizo_jipya = input_tokens`, na `cache_creation_input_tokens` iende kwenye `kache_kuandika`.

Usizichanganye safu za kache hata kama jumla ndiyo unayoitaka. Kwa Anthropic, kusoma kache hutozwa asilimia 10 ya bei ya kawaida ya ingizo, na kuandika kache ya dakika 5 hutozwa mara 1.25. Wakala anayeandika kache kila mara bila kuisoma anakugharimu zaidi kuliko asiye na kache, na hutamwona kama safu zimeunganishwa.

Upande wa pato nao una mtego wake. Kwa OpenAI, `reasoning_tokens` (tokeni za modeli kufikiri kabla ya kujibu) tayari zimo ndani ya pato, usiziongeze tena. Kwa Gemini ya Google, tokeni hizo za kufikiri, `thoughtsTokenCount`, husimama kando ya `candidatesTokenCount`, kwa hiyo lazima uzijumlishe.

Kabla ya kuendelea, tuma ombi moja kwa kila mtoa huduma, lirudie lilelile ili kache ifanye kazi (kwa Anthropic lazima uiwashe kwanza kwa `cache_control`), kisha soma JSON yote kwa macho yako. Maombi mafupi hayaingii kwenye kache, basi tumia maagizo marefu.

Hatua ya 4: Majibu yanayotiririshwa

Chat Completions, API nyingine ya OpenAI, haileti `usage` wakati wa kutiririsha (jibu likija kipande kwa kipande) mpaka uweke `stream_options` yenye `include_usage: true`, na namba huja kwenye kipande cha mwisho. Mtiririko ukikatika, huenda usiipate. Hifadhi mstari huo hata hivyo, `hali` ikiwa "imekatika". Kwa Anthropic, `output_tokens` kwenye `message_delta` ni jumla inayokua: chukua ya mwisho tu.

Hatua ya 5: Linganisha na mtoa huduma

Jumlisha siku moja kwa UTC, ufunguo kwa ufunguo, uweke kando ya ukurasa wa matumizi wa mtoa huduma. Ukikuta hesabu yako iko chini, tafuta maombi yasiyopita mlangoni. Mara nyingi ni mfumo wa mawakala wenyewe unaofupisha mazungumzo kimyakimya. Ikiwa juu, kuna mahali unahesabu mara mbili. Mimi siruhusu mtu achore grafu yoyote kabla namba hizi hazijakutana.

Hatua ya 6: Tafuta mlaji

Panga kwa namba ya kazi na wakala, kisha tazama jumla ya ingizo (`ingizo_jipya` pamoja na safu mbili za kache) inavyokua zamu kwa zamu. Wakala hutuma upya historia yote kila zamu. Akianza na maagizo ya tokeni 4,000 na kila zamu ikaongeza 1,000, ombi la 20 lina tokeni 24,000 tu, lakini kazi nzima imeingiza 290,000. Kwa mwenzangu mlaji alikuwa mtafutaji: alikuwa akibeba kurasa nzima za matokeo hadi zamu ya mwisho. Tulimwachia dondoo tu, na tukaweka kikomo cha tokeni kwa kila kazi pale pale mlangoni, ili ombi linalovuka likataliwe kabla halijatumwa.