Breki za Hilux LN106: fungua upande mmoja kwanza

Wakuu, kila wiki napokea swali lile lile: "Pedali inaenda mpaka chini, ninunue nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Gari ninalolisemea ni Hilux LN106, zile za 1988 hadi 1997: injini ya dizeli iitwayo 3L, ekseli nzima mbele, diski mbele, dramu nyuma. Yangu inashusha viazi kutoka Njombe, kwa hiyo mteremko mkali wa Kitonga naujua kwa mguu wa kulia.

1. Tunaanza nyuma. Zuia matairi ya mbele, legeza nati, piga jeki, weka stendi. Tofali si stendi.

2. Shusha hendibreki, vua dramu. Ikigoma, achana na nyundo. Usoni mwake kuna matundu mawili yenye nyuzi. Tia bolti mbili za milimita 8, kaza kwa zamu, itatoka yenyewe.

3. Usipulize vumbi kwa kompresa. Shuu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) za zamani nyingi zina asbesto. Osha kwa maji na sabuni.

4. Pima kipenyo cha ndani cha dramu. Ikiwa mpya ina milimita 295, ikifika 297 ni chuma chakavu. Funua raba ya wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma shuu. Kukiwa na unyevu ndani, badilisha. Ukikuta oili ya difu, anza na oilsili ya ekseli, la sivyo shuu mpya zitalowa wiki hiyo hiyo.

5. Badilisha shuu. Hapa ndipo mimi niliharibu, kwa hiyo soma polepole.

Nilifungua pande zote mbili kwa pamoja, springi na ajasta (skrubu zinazorefuka kusogeza shuu karibu na dramu) zote nikazitupa kwenye beseni moja nizioshe. Ajasta mbili hizo zinafanana kama mapacha, lakini nyuzi zao zinapingana: moja ni ya kulia, nyingine ya kushoto. Nikazifunga kinyume. Siku ya kwanza breki zilikuwa safi, maana nilikuwa nimezikaza kwa mkono. Baada ya hapo, kila nikivuta hendibreki, kijino badala ya kuitanua shuu kikawa kinairudisha ndani. Pedali ikashuka kidogo kidogo. Nikailaumu masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, nikanunua mpya, hali ikabaki vile vile. Kisha siku moja nikiwa na mzigo Kitonga, nilikanyaga mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili ndipo ikashika. Mlima niliumaliza kwa gia ya pili, mkono kwenye hendibreki, shati limelowa kama nimetoka mtoni.

Kwa hiyo fungua upande mmoja, ufunge, ndipo uende wa pili. Ule ambao haujafunguliwa ndio picha yako. Kabla ya kurudisha dramu, mtu avute hendibreki nawe uiangalie ajasta: lazima irefuke. Ikifupika, umechanganya pande, anza upya. Na raba za breki haziogeshwi mafuta ya taa wala petroli, zinavimba.

6. Mbele: chomoa pini, toa pedi, rudisha pistoni taratibu, weka pedi mpya. Punguza kwanza mafuta ya breki kwenye kopo lake yasimwagike kwenye rangi.

7. Toa upepo kwenye paipu za breki. Anza na tairi lililo mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kisha nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya valvu ya mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma, ambayo mafundi wengi wanairuka. Kopo lisikauke hata mara moja. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo.

MASWALI

Mdau wa Morogoro: Mkuu, breki zangu mbovu, nifanyeje?
Jibu: Mbovu vipi? Zinazama, ngumu, zinavuta upande, zinalia? Soma namba 5 kisha urudi.

Mdau wa Dodoma: Mafuta ya breki yaliisha njiani, nikaongeza ya pawa stiaringi. Kuna shida?
Jibu: Ipo. Usiliendeshe. Raba zote zilizoguswa zinavimba: masta silinda, kalipa (inayobana pedi za mbele), wili silinda, paipu za mpira. Osha mfumo mzima, badilisha raba zote.

Mdau wa Kahama: Mnatutisha bure. Mimi nimeziba paipu ya tairi moja la nyuma, mwaka wa tatu huu natembea.
Jibu: Sawa. Ukiniona mbele kwenye mteremko, niambie nikupishe.

Mdau wa Mbeya: Mkuu, nimeongeza majani mawili ya springi nyuma. Shuu mpya, ajasta nimezikagua kama ulivyosema. Lakini nikishuka mlima diski za mbele zinanuka, dramu za nyuma naweza kuzishika kwa mkono. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana hili. Juu ya ekseli ya nyuma kuna ile valvu ya mzigo, imeungwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba, bodi inashuka, fimbo inasukuma, valvu inaruhusu presha zaidi nyuma. Wewe umeinua bodi, kwa hiyo valvu inaamini gari ni tupu muda wote, mbele inafanya kazi peke yake. Rekebisha urefu wa fimbo, au inua kishikio chake pale kwenye ekseli kwa kadiri bodi ilivyopanda. Kisha ujaribu sehemu tupu, kavu, bila mzigo: nyuma ikijifunga kabla ya mbele, umezidisha.

Mdau wa Mbeya: Asante mkuu. Na kuboresha mbele?
Jibu: Tazama kalipa zako, nyingi zimeandikwa S12+8. Tafuta S12W kutoka Hilux au 4Runner za V6. Pedi zake ni kubwa zaidi, nazo zinakaa pale pale. Ila kinga ya vumbi nyuma ya diski utaipinda au uikate. Pedali itaenda chini kidogo zaidi, usishtuke, pistoni ni kubwa.

Mdau wa Singida: Yangu haizami, ni ngumu kama jiwe.
Jibu: Hiyo ni vakyumu, ule mvuto wa hewa unaoendesha busta, kifaa kinachousaidia mguu. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedali isiposhuka kidogo, busta haipati kitu. Kwenye 3L pampu ya vakyumu iko nyuma ya alteneta. Anza na paipu yake ya mpira kabla ya kununua busta.

Mdau wa Singida: Paipu ilikuwa imepasuka chini ya klipu. Elfu chache tu, na fundi alishanitajia bei ya busta.