Kuosha nta ya sikio bila kumpa mgonjwa kizunguzungu

Hatua ya 1: Angalia kwanza

Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma. Kwa mtoto mdogo, chini na nyuma. Njia ya sikio ina kona, na kuvuta huinyoosha. Ya mtu mzima ina sentimita 2.5 hivi: theluthi ya nje ni gegedu lenye vinyweleo na tezi za nta, sehemu ya ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba isiyo na tezi. Nta uliyoikuta imegandamana na ngoma ya sikio haikutengenezwa pale. Imesukumwa, na mara nyingi kilichoisukuma ni kijiti cha pamba.

Usioshe sikio linalotoa usaha, linalouma, lililowahi kutoboka ngoma au kupasuliwa, wala lile ambalo ndilo pekee linalosikia. Harage au punje ya mahindi usiimwagie maji, itavimba. Betri ndogo ya saa ni dharura: usitie tone la kitu chochote, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Lainisha

Mafuta ya zeituni, matone 3 hadi 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Alale ubavu dakika 5 kila mara.

Hatua ya 3: Joto la maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa halionekani hadi mgonjwa ashikilie kiti. Maji yawe na nyuzi 37 za Selsiasi, sawa na mwili. "Vuguvugu" si kipimo.

Ndani zaidi ya ngoma kuna mifereji 3 ya nusu duara inayoupa ubongo habari za kichwa kugeuka. Ule wa mlalo ndio ulio karibu zaidi na njia ya sikio. Maji baridi yakifika kwenye ngoma, ubaridi hupenya hadi majimaji ya mfereji huo. Yaliyopoa huwa mazito, huzama, na mkondo huo mdogo husukuma vinyweleo vya hisia. Ubongo unapokea habari kwamba kichwa kinageuka, ilhali mtu ametulia. Macho yanachezacheza, chumba kinazunguka, kichefuchefu kinafuata. Maji ya moto hufanya hivyo hivyo, mkondo ukienda upande wa pili.

Hospitalini kipimo cha usawa hutumia makusudi maji ya nyuzi 30 na 44, yaani 7 chini na 7 juu ya joto la mwili. Kwa hiyo maji ambayo vidole vyako havikuyaona baridi yanaweza kumwangusha mtu.

Tumia kipimajoto. Kisipokuwepo, dondoshea matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: usihisi moto wala baridi. Pima upya kabla ya kujaza kila bomba la sindano, kwani bakuli la bati hupoa upesi, hasa asubuhi za Julai kule Njombe au Mbeya. Bomba nalo lipashe kwa kuvuta na kumwaga maji hayo mara 2.

Kizunguzungu kikimshika, acha, mlaze, akazie macho kitu kisichosogea. Hupita baada ya dakika chache.

Hatua ya 4: Osha

Napendelea bomba la plastiki la mililita 20, sindano imetolewa, limevalishwa kipande laini cha mpira. Yale makubwa ya chuma yaachwe: ncha yake ikichomoka inaruka moja kwa moja hadi kwenye ngoma. Usiingize mpira zaidi ya sentimita 1, wala usizibe tundu. Maji lazima yapate pa kutokea. Elekeza juu, upande wa kisogo, yapite nyuma ya nta na kuisukuma nje. Ukilenga katikati unaisindilia. Akikohoa ghafla usishtuke, neva inayohusika na kikohozi ina tawi kwenye ngozi ya njia hiyo. Akisema inauma, acha hapo hapo. Usizidishe mabomba 5.

Hatua ya 5: Kausha, angalia tena

Ngoma yenye afya ni ya kijivu inayong'aa. Ikiwa bado haionekani, rudi hatua ya 2 kwa siku 3 nyingine.