Somo: Maneno ya Kiingereza yanayofanana tahajia, na kosa lililokaa kwenye bango langu

Bango la duka langu la steshenari hapa Dodoma lilikaa miezi minane likisomeka "STATIONARY". Fundi simlaumu, alichora kile nilichomwandikia kwenye kipande cha boksi. Siku moja kijana wa chuo alikuja kutoa kopi, akalitazama, akaniuliza, "Kaka, duka limekwama?" Nikacheka naye bila kuelewa. Alipoondoka ndipo nikafungua kamusi. "Stationary" ni kitu kilichotulia, hakisogei. Karatasi, kalamu na bahasha ni "stationery".

Tangu hapo, kuchapa barua za kazi na CV za watu kumenijazia daftari zima la maneno ya namna hii. Kompyuta haisaidii sana. Neno lenyewe ni sahihi, ila limekaa kwenye kiti cha mwenzake, kwa hiyo ule mstari mwekundu mara nyingi hautokei. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Weka Kiswahili kwanza. Tahajia iache kidogo, jiulize unataka kusema nini. "Please advice me" nakutana nayo karibu kila wiki. Kwa Kiswahili ni "naomba unishauri", yaani ni tendo. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tulichosomea, huandika tendo kwa s na jina kwa c. Ushauri ni "advice", kushauri ni "advise". Leseni iliyo mfukoni ni "licence", kumpa mtu leseni ni "license". Mazoezi ni "practice", kufanya mazoezi ni "practise". Ukiweza kutanguliza ku-, andika s. Hatua hii peke yake imeniokolea barua nyingi kuliko zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Litamke. "Loose" huishia na sauti ya s, "lose" huishia na z. Suruali inayopwaya ni "loose". Kupoteza simu ni "lose", na neno lenyewe limepoteza o moja. "Quiet" ina silabi mbili, kwa-yet, ni kimya. "Quite" ni kwait, silabi moja.

Hatua ya 3: Sauti zikilingana, tafuta ukoo. "Stationary" na "stationery" hutamkwa sawa, na kumbe ni ndugu. Zamani kule Ulaya wachuuzi wengi walitembeza bidhaa. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu akaitwa "stationer", yaani aliyetulia mahali pamoja. Wa London walikuwa na chama chao tangu mwaka 1403. Kwa lugha ya hapa kwetu, ni machinga aliyepata fremu. Neno moja likabaki na kule kutulia, jingine likaondoka na bidhaa. Mkumbuke huyo muuzaji na "er" yake, "stationery" itajiandika yenyewe.

Hatua ya 4: Lifunge kwenye kitu unachokijua. Aliyemaliza kidato cha sita anaijua "principal pass". Bado naletewa barua zenye "two principle passes". "Principal" ni kuu: ufaulu mkuu, mkuu wa chuo, hata deni la msingi kabla ya riba. "Principle" ni kanuni, basi.

Halafu kuna "council" na "counsel". Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji Aprili 2018, "Municipal Council" ikawa "City Council". Hiyo ni halmashauri. "Counsel" ni ushauri, au wakili mahakamani. Ukiomba kazi kwa "City Counsel" umemwandikia wakili.

Hatua ya 5: Chapa, isome kwenye karatasi. Kwenye kioo jicho huruka.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. "Affect" na "effect" zinanichanganya.*

Marahaba, ingawa mimi ni mchapaji tu. Kuathiri ni "affect", athari ni "effect". Ukame unaathiri mtama: "drought affects". Matokeo yake: "the effects of drought". Ila ukikuta "kindly effect payment" kwenye barua ya malipo, usiiguse. Hapo "effect" ni tendo, maana yake tekeleza. Niliwahi kuisahihisha, mteja akairudisha kwa hasira, na alikuwa na haki.

*Niko Kongwa, naandika andiko la mkopo wa ng'ombe wa maziwa. Jamaa yangu anasema "diary farming" ni kichekesho. Kwa nini?*

Kwa sababu umeomba mkopo wa kufuga vitabu vya kumbukumbu. Maziwa ni "dairy". Ndani yake mna "air", hewa: d-air-y. Libadilishe kabla halijafika benki, na usisahau lile la kwenye jalada.

*Simu yangu inakataa "licence", inataka s. Nani mkosaji?*

Hakuna. Simu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Wao huandika "license" kwa s, iwe jina au tendo, na "practice" kwa c kote kote. Ingia kwenye mipangilio, chagua Kiingereza cha Uingereza. Kibaya ni kuchanganya yote mawili ndani ya barua moja.

*Bango ulibadilisha?*

Nilifuta A kwa rangi nyeupe nikaandika E juu yake. Rangi haikulingana na ile ya mwanzo. Ukipita bado utaiona.