Dizeli kutoka mafuta ya chipsi: vipimo vya Nairobi

Mafuta yaliyochoka kwenye vibanda vya chipsi vya River Road yanaweza kuendesha jenereta ya dizeli. Anza na lita 1 tu.

Hatua ya 1. Chuja kwa kitambaa, kisha yapashe moto mpaka yaache kutokota. Maji yakibaki, utapata sabuni.

Hatua ya 2 ndiyo inayoamua kila kitu: kupima asidi. Kichocheo chetu, yaani kitu kinachoharakisha kazi, ni kostiki soda. Kinabandua minyororo mitatu ya mafuta kutoka kwenye gliserini ili kila mmoja ushikane na methanoli, aina ya alkoholi, na kuwa dizeli. Sasa, mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi, nayo hukila kichocheo kabla hakijaanza kazi. Ndiyo maana kipimo cha kibanda kimoja hakifai kibanda cha pili. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia manjano kidogo ya jikoni, halafu dondosha yale maji ya kostiki kwa sirinji hadi rangi igeuke nyekundu na kudumu. Zikiingia mililita 2, ongeza gramu 2 za kostiki juu ya 3.5 za kawaida kwa lita 1 ya mafuta: jumla 5.5.

Hatua ya 3. Yeyusha gramu hizo za kostiki kavu katika mililita 200 za methanoli. Fanyia nje, na uvae glavu na miwani. Methanoli hupofusha na kuua, na mvuke wake hudaka moto upesi, kwa hiyo jiko la gesi au makaa lisiwe karibu.

Hatua ya 4. Mimina kwenye mafuta yenye joto, ukoroge saa nzima. Maelekezo mengi husema nyuzi 60. Lakini methanoli inayochemka karibu nyuzi 65 kule Mombasa, hapa kwetu, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka karibu 60. Nilipofuata 60, methanoli ilipaa na mafuta yakabaki nusu mabichi. Siku hizi sivuki 55, chombo kikiwa ndani ya maji moto.

Acha itulie usiku kucha, utoe gliserini nzito ya chini. Usiimwage mtaroni, bado ina methanoli na kostiki.

Kabla ya kuosha, pima kama mafuta yote yamegeuka dizeli: tia mililita 3 za dizeli katika 27 za methanoli. Mafuta yakizama chini, rudia hatua ya 4 kwa methanoli na kostiki kidogo. Yakiyeyuka yote, osha kwa maji vuguvugu mpaka maji yatoke safi, kisha kausha hadi dizeli ing'ae.