Kuchunguza swali la Biblia katika mazingira yake ya Kiyahudi: mabalasi ya mawe ya Kana

Tuchukue Yohana 2:6. Mbona mabalasi sita ya arusi ya Kana yalikuwa ya mawe, ilhali vyungu vya udongo vilipatikana kwa urahisi zaidi? Andaa Biblia yenye marejeo pembeni, daftari, na intaneti ya kufungua tovuti ya Sefaria, ambako Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, inasomwa bure kwa Kiebrania na Kiingereza.

Hatua ya 1: Punguza swali. Ukiuliza "Yohana 2 inafundisha nini?" utazunguka wiki nzima. Uliza juu ya kitu kimoja kinachoshikika: chombo, chakula, saa au sikukuu.

Hatua ya 2: Andika anachosema mwandishi mwenyewe. Yohana anasema mabalasi yaliwekwa kwa desturi ya Wayahudi ya kutawadha, na kila moja lilipata nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 39, kwa hiyo balasi moja ni lita 80 hadi 120, na yote sita ni kati ya lita 470 na 700 hivi.

Hatua ya 3: Rudi kwenye Torati kabla ya kitabu kingine chochote. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na jibu lao linapwaya hadi mwisho. Soma Walawi 11:32-36, Walawi 15:12, Hesabu 19:14-15 na Hesabu 31:22-23, kisha chora jedwali la safu mbili: chombo kimetengenezwa kwa nini, na kikinajisika kinafanywaje. Mti, nguo, ngozi na gunia hutiwa majini. Madini hupitishwa motoni. Chungu cha udongo huvunjwa, hakuna namna ya kukitakasa. Sasa tafuta jiwe kwenye jedwali lako. Halimo. Ukimya huo ndio uzi wa kufuata.

Hatua ya 4: Panga vyanzo kwa umri. Mishna ilikusanywa mnamo mwaka 200 BK, na Talmudi ya Babeli, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, karne kadhaa baadaye. Kosa la kawaida ni kunukuu Talmudi kana kwamba iliandikwa siku za Yesu. Fungua Mishna, kitabu chake cha Kelim 10:1: vyombo vya mawe vimo kati ya vile ambavyo, vikifunikwa vizuri, hukinga kilichomo kisinajisiwe na maiti. Kitabu kingine cha Mishna, Parah 3:2, kinaeleza watoto wakiteka maji Siloamu kwa vikombe vya mawe, kwa ajili ya ibada iliyodai usafi wa juu kabisa. Tafuta pia sauti inayopinga. Hati ya Dameski, andiko la kale la kundi moja la Kiyahudi ambalo nakala zake zimepatikana Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, inasema mawe nayo yanaweza kunajisika yakipatwa na mafuta. Kwa hiyo usiandike "Wayahudi wote waliamini". Andika nani na lini.

Hatua ya 5: Pima maandishi kwa vilivyofukuliwa. Katika Mtaa wa Wayahudi, Yerusalemu, mwanaakiolojia Nahman Avigad alifukua nyumba zilizoteketea mwaka 70 BK zikiwa na mitungi mikubwa ya jiwe laini la chokaa, iliyokerezwa kutoka jiwe moja zima. Galilaya nako, huko Reina karibu na Nazareti, karakana ya vyombo vya mawe ilitangazwa mwaka 2017. Yaani vyombo hivi havikuwa vya makuhani na matajiri wa Yerusalemu tu. Watu wa vijijini nao walijali utakaso majumbani mwao.

Hatua ya 6: Andika jibu kwa ngazi. La hakika: maji yalikuwa ya utakaso, Yohana amesema. Lenye uzito mkubwa: jiwe lilichaguliwa kwa sababu, kwa Wayahudi wengi wa wakati ule, halikushika unajisi, hivyo halikuhitaji kuvunjwa. Lisilo na ushahidi: kwamba Yesu alikuwa akiidharau desturi hiyo. Hakuna neno la dharau katika kifungu. Aliagiza mabalasi yajazwe, nao wakayajaza hata juu. Ukiona jibu lako linasimama tu kwa kuwafanya wenye nyumba waonekane wajinga wa dini, rudi hatua ya 3. Na idadi ya sita iache kama ilivyo, maana Yohana hakuifafanua.