Namna ya kuandaa chai ya gol-e gavzaban

Gol-e gavzaban, mmea wa maua ambao wataalamu wa mimea huuita Echium amoenum, huota katika milima ya kaskazini mwa Iran, na petali zake zilizokaushwa hutumiwa katika tiba ya jadi ya nchi hiyo kutuliza wasiwasi na huzuni. Anayenunua petali hizo achague zenye rangi ya zambarau iliyokolea, kwa kuwa zile zilizogeuka kahawia aghalabu zimekaa mno au zimehifadhiwa penye mwanga na unyevu.

Weka kijiko kimoja cha petali katika birika lenye kikombe kimoja cha maji yaliyochemka, funika, kisha acha kwa takriban dakika 10 juu ya moto mdogo sana bila kuyaacha yachemke tena. Ndimu kavu, ile ambayo Wairani wenyewe huihusisha na Oman, itiwe mwishoni baada ya kupasuliwa na kutolewa mbegu, kwa sababu ikikaa muda mrefu huleta uchungu. Asidi yake ndiyo inayogeuza rangi ya kinywaji kuwa nyekundu ya waridi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni nusu ya utamu wake. Sukari ya mawe huongezwa kwa kiasi.

Kwa kuwa jamii hii ya mimea ina alkaloidi za pirolizidini, yaani kemikali za mimea ambazo hudhuru ini, chai hii isinywewe kila siku kwa muda mrefu, na wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya ini waiepuke kabisa.