Mitaro, makalavati na chemba za jiji: namna ya kuziingiza kwenye ramani ya simu mpaka zikusaidie kweli

Kabla hujadaunilodi chochote jibu kwanza hili swali: mtaro uliopo mbele ya ofisi yako maji yake yanaishia wapi? Ukiwauliza watu wa Dar wengi wanakuonyesha kwa mkono tu, "yanaenda huko chini". Huko chini ni wapi, kuna makalavati mangapi katikati (yale mabomba au matundu ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara), lipi limeziba na ni la nani, hapo kila mtu kimya. Ramani unayoitaka ni ile inayojibu hayo, sio ile ya vidoti vya rangi rangi vya kuwafurahisha wageni kwenye projekta.

Naongelea Dar kwa sababu ndo ninapopajua, na kwa sababu kazi hii hapa ilishaanza zamani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulichukua wanafunzi wa vyuo, wa Ardhi na wa Mlimani, wakaungana na wakazi wakapita kwenye kata zinazofurika wakichora nyumba, njia na mitaro, vyote vikaingia OpenStreetMap, ambayo ni ramani ya bure ya dunia nzima. Tandale ilianza kuchorwa hata kabla, 2011. Kwa hiyo fungua kwanza hiyo ramani uone kata yako ina nini tayari, usijichoshe kuchora upya nyumba na barabara wakati wenzio walishaloa jasho.

Halafu chagua kitu kimoja. Kimoja tu. Nimeona watu wanataka taa, mitaro, vibao vya mitaa, vizimba vya taka na miti kwa mpigo mmoja, fomu ina maswali 60, kijana anayejaza anachoka saa nne asubuhi na kuanzia hapo anabuni majibu. Mi ningeanza na mitaro na makalavati kwa sababu masika haisubiri mtu, taa zitakuja baadaye.

Kitu cha pili, ambacho wengi wanakiruka, ni namba. Kila kalavati lipewe namba yake isiyobadilika, mfano MZS-K-014, yaani Manzese, kalavati, la kumi na nne, na hiyo namba uichore kwa rangi kwenye kingo ya kalavati lenyewe. Likivunjwa likajengwa jingine, la zamani linafungwa kwenye kumbukumbu na jipya linapata namba mpya, usirudie hata kidogo. Bila namba, fundi akikupigia akisema "lile la karibu na kwa mama ntilie" utabaki unakisia, na mama ntilie mwenyewe anahama.

Sasa fomu. KoboToolbox, huduma ya mtandaoni ya kukusanya data kwa fomu, ina akaunti ya bure, unatengeneza fomu kwenye kompyuta, vijana wanaijaza kwa app yake ya KoboCollect kwenye simu za Android hata kama hakuna mtandao, jioni wakipata bando wanatuma. Maswali yasizidi kumi: namba, aina, upana, kina, kina cha tope, hali, mmiliki, maji yanatoka wapi, yanaenda wapi, picha. Hali usiache watu waandike wanavyojisikia, "nzuri kiasi" haina maana yoyote, weka chaguo nne zinazopimika: maji yanapita yote, tope limefika nusu, limeziba, limevunjika. Picha nazo ziwe mbili, moja ya mdomo wa kalavati na moja ya mbali yenye kitu kinachotambulika kama duka au nguzo, na kwenye fomu weka kikomo cha pikseli 1024, la sivyo bando litaisha siku ya kwanza. Sura za watu zisiwemo.

Vifaa havina gharama kubwa. Tepu ya kupimia, gambuti, pawabenki, na kipande cha nondo ulichokipiga alama za rangi kila sentimita 10. Nondo unaichomeka kwenye tope mpaka igonge zege, unasoma, basi. Ukienda pita na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu mtu mgeni anayepiga picha mitaro watu wanadhani ni bomoabomoa imekuja, utafukuzwa.

GPS ya simu nayo ina tabia zake. Uwanja wa wazi inakosea mita tatu mpaka tano tu, kwenye vichochoro vya Manzese katikati ya ghorofa inaruka ruka hovyo. Subiri kama dakika moja mpaka kosa inaloonyesha lishuke chini ya mita tano ndo uhifadhi, ikigoma sogeza alama kwa mkono juu ya picha ya setelaiti. Chemba mbili (yale mashimo yenye mfuniko ya kukagulia mabomba) zilizopishana mita nne zinaweza kubadilishana nafasi kwenye ramani, na hapo ndo unachimba ya majitaka ukidhani ya mvua.

Swali la mmiliki usilichukulie poa. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, chemba za majitaka ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, nyingine ni za makampuni ya simu. Mtaro mmoja unaweza kuanzia kwa huyu ukaishia kwa yule. Ukiwa na safu ya mmiliki kwenye data unajua barua unampelekea nani, na ukikuta mahali hakuna anayekubali ni pake, andika "haijulikani", nayo ni taarifa.

Data zikishaingia fungua QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, ya bure pia. Hapa kuna mtego maarufu. Dar iko kama -6.8 kwa latitudo na 39.28 kwa longitudo. Ukiisahau ile alama ya kutoa, makalavati yako yote yanahamia Ethiopia. Ukizigeuza, X ukaiweka Y, yanaenda Hispania karibu na mpaka wa Ureno, mi yalishanikuta nikakaa nusu saa nashangaa ramani iko nyeupe kumbe mitaro yangu iko Ulaya inapunga upepo. Kumbuka tu X ni longitudo. Kupima urefu kwa mita geuza kwenda UTM kanda ya 37 kusini, mfumo wa ramani unaotumia mita badala ya digrii, kwenye QGIS unautafuta kwa namba yake EPSG:32737. Na ukipewa michoro ya zamani ya jiji inaweza kuwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji, EPSG:21037, ukiilazimisha bila kuigeuza kila kitu kinasogea kama mita 300, mtaro unapita sebuleni kwa mtu.

Mitaro ichore kama mistari, na kila mstari uanzie maji yanakotoka uishie yanakokwenda, ndo utaratibu wa OpenStreetMap pia. Kule mtaro unapewa lebo ya waterway=drain na kipande cha chini ya barabara kinaongezewa tunnel=culvert. Miisho ya mistari ishikane kabisa, isiachane hata kidogo. Ukishafanya hivyo unaweza kukaa kwenye nyumba iliyofurika ukafuata mistari kwa mwelekeo wa maji mpaka chini, ukakuta kalavati moja lenye tope nusu ndo linalotesa mtaa mzima, unapeleka vijana sita na machepe pale badala ya kusafisha kilomita mbili ambazo hazina shida.

Kama QGIS inakutisha anza na Google My Maps, ya kuchora ramani yako mtandaoni, inabeba hadi lea (matabaka) 10 na kila lea vitu 2,000, kwa mtaa mmoja inatosha sana. Ila usinakili vitu kutoka Google Maps kupeleka OpenStreetMap, leseni hairuhusu. Na majina ya wenye nyumba au namba zao za simu zibaki ofisini, zisiende kwenye ramani ya wazi.

Kuhusu kuisasisha: fundi asilipwe mpaka atume fomu ile ile, namba ile ile, na picha ya baada ya kazi. Hii sheria ndogo inafanya kazi kuliko semina tatu. Upimaji mkubwa ufanye Januari na Agosti kukiwa kukavu, kabla ya masika na kabla ya vuli, halafu mvua ikinyesha toka na mwamvuli uweke alama maji yalipotuama na yalifika wapi mguuni. Chapisha na nakala moja ya A3, mpelekee mwenyekiti wa mtaa na kalamu nyekundu. Ya kwangu ilirudi na mitaro miwili iliyofukiwa chini ya vibanda, hakuna setelaiti iliyokuwa imeiona.